Bunduki Tano Tangu Machi

Risasi mbili zilitoka kwa mvuto mmoja wa kidole.

Kila mtu uwanjani alizisikia. Hata Elwood Krebs alizisikia, naye masikio yake yalikwisha zamani kwa milio ya bunduki. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja nyuma ya pikapu yake, kikombe mkononi. Kahawa ilimwagikia suruali. Hakuipangusa.

"Simamisha! Simamisha!" Russ Pomeroy, msimamizi wa uwanja, alipiga kelele huku akipunga bendera nyekundu. "Bunduki chini! Asiguse mtu kitu!"

Watu kumi na wawili walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mikeka. Wote waliinua mikono yao. Wa nne kutoka kushoto alikuwa Janelle Strayer. Huyo alibaki vile vile, shavu juu ya ubao wa bunduki, akitazama mbele kama mtu aliyepigwa kofi na asijue nani kampiga.

Risasi ya kwanza ilipiga shabaha, yadi mia tatu. Ya pili haikupiga. Mshindo wa ile ya kwanza ulikuwa umeuinua mdomo wa bunduki, na ya pili ikapita juu ya tuta la udongo, juu ya shamba la soya, ikaenda zake.

Haikupita nusu saa wakajua ilikokwenda. Wendell Fouts, mkulima wa ng'ambo ya barabara, alifika na gari lake, akashuka, akavua kofia.

"Risasi yenu imetoboa paa la banda langu la nguruwe," alisema. Hakupaza sauti. "Arlene alikuwa ndani anawalisha. Imepita hatua tatu kutoka alipokuwa."

"Ameumia?" Russ aliuliza.

"Ameketi chini kwenye majani. Namwambia mke wangu simama, hataki kusimama."

Wendell alivaa kofia yake, akarudi kwa mkewe.

Elwood aliijua bunduki ile kama anavyokijua kiganja chake. Aliitengeneza yeye.

Alikuwa na miaka sabini na saba. Shule aliiacha darasa la nane, mwaka ambao mashine ya kuvunia mahindi ilimla baba yake mkono. Jeshi lilimchukua miaka miwili likamweka karakana ya silaha. Aliporudi Ohio alinoa vyuma kiwandani miaka thelathini na minne, na jioni alitengeneza bunduki za watu kwenye banda nyuma ya nyumba. Si bunduki za kuwindia. Zake zilikuwa za mashindano ya mbali, zile za mtindo wa kijeshi zinazojikoki zenyewe. Bunduki ya namna hiyo ina vitu vingi vinavyotembea ndani, na kila kinachotikisika kinaharibu shabaha. Kwa karibu huoni kosa. Yadi mia sita, yadi elfu moja, kosa la unywele linakuwa kosa la mkono mzima.

Kazi yake ilikuwa kuondoa mtikisiko mmoja baada ya mwingine. Chuma alikikalisha kwenye ubao kwa gundi ngumu mpaka kikakaa kama jino kwenye ufizi. Pistoni ya gesi ilipaswa iteleze yenyewe bunduki ikiinamishwa, bila kusukumwa. Alikuwa na subira. Watu walisema Krebs anaweza kukaa na bunduki moja wiki tatu, na ya nne akaianza upya.

Mwisho kabisa ilikuja triga, kile kifyatulio cha kidole. Sheria ya mashindano inataka triga ibebe uzito wa ratili nne na nusu bila kuachia. Wapigaji wanataka ibebe hizo hizo, isizidi hata unyoya, tena ikikatika ikatike kama kioo. Hapo fundi anashika jiwe na kuinoa ndoano ndogo inayoishika nyundo ya ndani. Akinoa pungufu, triga inakwaruza kidole. Akipitisha jiwe mara mbili zaidi, ndoano haishiki sawasawa, na bunduki inaweza kujipiga mara ya pili mwenyewe hajui.

Kwa hiyo banda lile lilikuwa na sheria moja. Aliyenoa hapimi. Anapima mwingine. Kwa miaka arobaini na mmoja, mwingine huyo alikuwa Lorene, mkewe.

Elwood aliipeleka bunduki jikoni, tupu, akailaza mezani juu ya taulo. Lorene alizima redio. Alikoki, akavuta triga na kuishikilia, akaliachia komeo la kupakia risasi lirudi kwa kishindo, kisha akakilegeza kidole taratibu huku akisikiliza. Ndani kuna kamlio kadogo, nyundo ikihama kutoka ndoano moja kwenda nyingine. Kakiwa safi, sawa. Kakiwa na mkwaruzo, hapana. Alifanya hivyo mara ishirini, hata kama sufuria ilikuwa inaungua. Elwood hakukasikia kamlio hako tangu alipotimiza miaka hamsini.

Bunduki ikipita, Lorene alikata kipande cha uzi wa kufumia, wa buluu, akakifunga kwenye kikingio cha triga. Isipopita aliisukuma. "Baba, irudishe," alisema, akawasha redio yake. Bila uzi haikutoka nyumbani. Wapigaji wa kaunti tatu walilijua hilo. Uzi walikuja kuukata asubuhi ya shindano la kwanza na kuutia kwenye ukingo wa kofia. Wengine walikuwa nazo nne, tano, wakiringiana kwazo.

Lorene alikufa tarehe tisa Machi. Ni moyo. Alikuwa anakunja shuka.

Tangu siku hiyo bunduki tano zilitoka bandani kwa Elwood. Zote tano zilikuwa na uzi wa buluu. Aliufunga yeye.

"Umekamua," Russ alimwambia Janelle. Alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni. "Kidole kimeibembeleza triga, bunduki ikakusukuma, ukavuta tena bila kujua."

"Sikukamua."

"Anayekamua hajui kama amekamua. Ndiyo maana yake."

"Russ, miaka kumi na mmoja napiga hapa. Uliwahi kuniona nikikamua?"

"Leo."

"Usinilishe matango pori. Hukuwa hata unanitazama. Ulikuwa unamfokea yule wa namba tisa."

Mmoja wa wapigaji alikohoa. "Au labda ni bunduki yenyewe?"

Russ aliinama, akakishika kile kipande cha uzi kwa vidole viwili. "Unaona hii? Huu ni uzi wa Lorene. Bunduki iliyopita mkononi mwa Lorene haipigi mara mbili. Au vipi, Elwood?"

Wote waligeuka kumtazama. Elwood aliona uso wa Janelle, mwekundu kwa jua, na alama ya ubao shavuni.

"Ilipimwa," alisema.

Haukuwa uongo. Aliipima, yeye kiziwi, mara ishirini, kwa ncha ya kidole.

"Haya, mmesikia wenyewe," Russ alisema. "Kesho baada ya kanisa kamati inakaa. Janelle, siahidi kitu. Timu ya jimbo ni watu sita. Mtu asiyejua kidole chake kilipo siwezi kumpeleka Perry."

Perry ndiko yaliko mashindano ya taifa, kaskazini, kando ya ziwa. Yalikuwa yanaanza Jumanne. Janelle alifanya kazi kwenye kiwanda cha achari, zamu ya alfajiri, na miaka sita alikuwa akiitafuta nafasi ile. Mwezi Mei aliipata. Alifunga mkeka wake bila kumtazama mtu.

Jioni, jua bado liko juu, alikuja bandani kwa Elwood na bunduki ndani ya mfuko wake.

"Mzee El, ifungue. Ifungue uniambie ni mimi au si mimi."

Elwood aliilaza kwenye meza ya kazi. Alitoa sanduku la triga kwa mkono mmoja, akavaa lenzi jichoni, akaisogeza taa. Ndoano ilikuwa mbele yake. Ukingo ulikuwa umelika kama kisu kilichonolewa na mtu mwenye hasira. Aliikumbuka siku ile. Aliona triga inakwaruza, akapitisha jiwe. Akaona bado, akapitisha tena. Hapakuwa na mtu wa kumwambia basi.

"Nilikuletea Februari," Janelle alisema nyuma yake. "Nilipoichukua Aprili nikaona uzi, nikalia garini. Nikasema, hii lazima iwe ndiyo ya mwisho aliyoipima. Nikasema siukati mpaka Perry."

Elwood hakuitoa lenzi.

"Sasa, kama Lorene aliipitisha, basi ni mimi. Nimewaza mchana kutwa. Nilikwenda kwa akina Fouts. Arlene ameniletea chai, Mzee El. Yeye ndiye aliyeniletea mimi chai. Angekufa kwa kidole changu."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje, basi? Wewe ndiye fundi. Kuna kitu humo?"

Kwenye dirisha la banda nyuki mmoja alikuwa anagonga kioo.

"Niachie," Elwood alisema. "Nitaiangalia."

Alikuwa ameshaiangalia.

Janelle alipangusa uso kwa kiganja. "Kesho nitamwambia Russ anitoe. Bora nijitoe mwenyewe. Sitashika bunduki tena." Mlangoni aligeuka. "Samahani kwa kukusumbua. Najua una yako."

Elwood alisikia gari lake likiondoka, au alihisi sakafu, hakujua lipi. Alikaa. Mtu angemuuliza kwa nini hakusema, angejibu nini? Nyumbani hapakuwa na kitu. Kulikuwa na jiko, kitanda, na sanduku la barua. Lakini bandani kulikuwa na bunduki za watu, na bunduki huja na mwenyewe. Mmoja Jumatano, mwingine Ijumaa. Walikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, wakazungumza habari za upepo, wakanywa kahawa yake mbaya na kuisema kuwa ni mbaya. Akifungua mdomo, hayo yamekwisha. Nani ampe bunduki fundi aliyefunga uzi wa maiti?

Hata uzi wenyewe hakuuanza kwa hila. Wa kwanza alikuwa Harlan Teague, mtu wa mbali, wa upande wa Indiana. Alikuja tarehe ishirini Machi, hakuwa na habari ya msiba. Aliichukua bunduki yake, akaigeuza, akacheka: "Uzi uko wapi? Mama amenichukia?" Elwood angeweza kujibu kwa maneno mawili. Aliingia ndani, akafungua kopo la nyuzi, akarudi nao. Ilikuwa rahisi kuliko kusema. Wa pili alijua Lorene amekufa, lakini aliuona uzi akanyamaza kwa heshima. Na wa tatu vile vile. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alidhani yake ndiyo ya mwisho.

Jumapili klabu ilijaa harufu ya nyama ya nguruwe ya kuoka na saladi ya viazi. Wanakamati watano walikuwa wameweka sahani zao kando. Wendell Fouts alikuwepo pia, amesimama karibu na mlango, hakukubali kiti. Russ aligonga meza kwa kijiko.

"Kabla hamjasema," Janelle alisimama, "nataka niseme mimi. Nimefikiri sana, na ni kweli. Ni mimi nili—"

"Si wewe."

Elwood hakuwa amesimama bado. Ilimchukua muda kusimama. Alishika mgongo wa kiti.

"Si wewe, Janelle. Uzi niliufunga mimi."

"Sema tena?" Russ alisema.

"Lorene hakuipima. Alikuwa ameshakufa. Nilinoa mimi, nikapima mimi. Sisikii. Jana nimeitazama kwa lenzi. Ndoano nimeila kwa jiwe."

Russ aliweka kijiko chini polepole. "Jana nilikuuliza mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

"Ukasema ilipimwa."

"Ndiyo."

"Subiri kwanza," Janelle alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jana umeitazama saa ngapi? Mimi nikiwepo?"

"Ndiyo."

"Lenzi iko jichoni. Mimi nasimama nyuma yako najiita muuaji."

"Ndiyo."

"Acha kuniambia ndiyo!" Alipiga meza, uma ukaruka. "Ulikuwa unaogopa nini, we mzee? Nani angekupiga? Mimi ningekupiga?"

Elwood alitazama saladi ya viazi.

Wendell ndiye aliyesogea. "Mimi sijui mambo ya ndoano," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Ziko ngapi nyingine?"

Hakuna mwingine aliyekuwa amefikiria kuuliza.

"Nne," Elwood alisema.

"Ziko wapi?"

Alizitaja pamoja na wenyewe. Russ alileta simu, akawasha spika, akaiweka mbele yake. Wa kwanza kupigiwa alipokea mara moja. "Elwood! Bwana wee, hii triga mwaka huu umenifanyia maajabu. Laini kama siagi."

"Ndiyo kosa lake. Itoe risasi. Usiipige."

"Unatania."

"Sitanii. Niliipima peke yangu."

Yule mtu alisema, "Peke yako vipi?" na Elwood akalazimika kueleza tangu mwanzo, kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia, huku wote wakimsikiliza. Alieleza mara tatu, kwa watu watatu. Mmoja alimtukana. Mmoja alimshukuru, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wa nne alikuwa Harlan Teague. Simu yake iliita tu.

"Harlan yuko Perry tangu Ijumaa," Russ alisema. "Simu anaiacha garini, unamjua. Kesho asubuhi ni mazoezi. Mia mbili kwenye mstari, bega kwa bega."

Elwood alitafuta funguo mfukoni. Zilimponyoka. Aliinama, hakuzipata mara ya kwanza.

Janelle aliziokota. "Pisha. Kwa mikono hiyo utatuua wengine."

"Huna haja ya kuja."

"Siji kwa ajili yako."

Mlangoni Elwood alisimama mbele ya Wendell. "Naomba nije nimwone Arlene."

Wendell alimfungulia mlango. "Bado," alisema. "Siku hizi mbili hataki watu wa bunduki. Nitakwambia."

Njia ya kwenda Perry ni saa moja na nusu, mahindi kushoto na mahindi kulia. Hakuna aliyewasha redio.

Walimkuta Harlan nje ya kile kibanda alichopangiwa, kimoja kati ya safu ndefu za vibanda vyeupe vya kijeshi, anakaanga soseji kwenye jiko dogo la gesi. Upepo wa ziwa ulikuwa unaukimbiza moto. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aproni kifuani.

"Angalieni nani huyo! Krebs mwenyewe, amefufuka! Na umekuja na mrembo, Mama anajua?" Alichungulia pikapu. "Lorene yuko wapi? Usiniambie umemwacha nyumbani, nina soseji yake hapa, ile isiyo na pilipili."

Elwood alisimama. Janelle alitazama pembeni.

"Alikufa," Elwood alisema. "Lorene alikufa."

Uma wa Harlan ulibaki hewani. "Lini?"

"Tarehe tisa Machi."

"Machi." Midomo ya Harlan ilisogea, anahesabu. "Mimi nilikuja tarehe ishirini. Tulisimama pale. Nilikuuliza…" Aliuweka uma chini. "Nilikuuliza uzi."

"Nilikata mimi. Hakuipima mtu, Harlan. Nipe bunduki."

"Hii bunduki imepiga vizuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo."

"Nipe."

Waliilaza tupu kwenye kitanda cha Harlan, juu ya blanketi. Elwood alinyoosha mkono, Janelle akamsogeza kwa kiwiko. "Wewe umenoa," alisema. Akapiga magoti sakafuni, akaliweka sikio karibu na chuma. Akakoki, akavuta, akaliachia komeo, akalegeza kidole. Moja. Mbili. Tatu.

"Mimi naona iko—" Harlan alianza.

"Nyamaza, wewe."

Nane. Tisa. Elwood alitazama mdomo wa Janelle tu, kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama. Kumi na moja. Kumi na mbili. Nje mtu alipita anacheka na mwenzake. Ya kumi na tatu, Janelle aliliachia komeo na kichwa chake kikaruka kama aliyeumwa na mdudu. Hata Harlan alisikia. Nyundo ilishuka na komeo, haikushikwa na kitu; ingekuwa na risasi, ingejipiga.

Harlan aliketi kwenye kitanda cha pili. Soseji zilikuwa zinaungua nje, hakuna aliyekwenda.

"Nimepiga risasi mia tatu na hii," alisema. "Binti yangu huwa anakaa kulia kwangu ananihesabia upepo. Kichwa chake kiko hapa." Alionyesha kwa kiganja, hewani, kando ya bega lake.

"Samahani," Elwood alisema.

"Ungesema tu siku ile. Kwamba amekufa, hakuna wa kupima."

"Najua."

"Hujui! Unadhani ningechukua bunduki nikaondoka? Ningekaa, Krebs. Ningeshinda na wewe. Ndiyo, ningekula chakula chako kibaya na kulala sakafuni." Macho yake yalijaa, akayafuta kwa aproni yenye mafuta. "Alikuwa ananitumia kadi kila Krismasi. Umeninyima hata kumlilia."

Elwood alitoa sanduku la triga, akalitia kwenye mfuko wa koti. Lilikuwa zito upande mmoja. Bunduki iliyobaki ilikuwa ubao na bomba tu.

"Hatutaonana tena kwa kazi," Harlan alisema bila ukali. "Unaelewa."

"Naelewa."

Aliwafungia soseji kwenye karatasi, zile ambazo hazikuungua. Janelle ndiye aliyezipokea.

Walirudi kusini, jua likiwa upande wa kulia. Janelle aliendesha kwa mikono miwili. Kamati ilikuwa imemrudisha kwenye timu, Russ alimpigia njiani. Angepiga na bunduki ya zamani ya Russ, ambayo hakuwahi kuigusa, na siku moja tu ya kuizoea. Miaka sita, kisha bunduki ya kuazima.

"Inatupa kushoto, ile ya Russ," Elwood alisema. "Nilimwambia mwaka juzi."

"Sitaki unifundishe kitu leo."

Walipita mji mmoja, kanisa, duka la vipuri, mji ukaisha. Elwood alikuwa ameishika soseji mkononi, hakuiuma.

"Lorene alikuwa anarudisha ngapi?" Janelle aliuliza ghafla.

"Nini?"

Alipaza sauti. "Nasema, ulizompelekea mezani. Ngapi alizikataa?"

Elwood hakuhitaji kufikiri. "Moja kati ya tatu. Mwaka mwingine karibu nusu."

"Nusu!"

"Hakuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa naziandaa upya, kimya kimya. Watu walidhani mimi ndiye fundi."

Janelle aliendesha. Trekta lilikuwa mbele yao, likienda polepole, wakalifuata bila kulipita.

"Na wewe, tangu Machi," alisema. "Kati ya hizo tano. Ulirudisha ngapi?"

Elwood alitazama mahindi.

"Hata moja," alisema. Halafu akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile Janelle ndiye asiyesikia. "Hata moja."